Kufukuzwa kazi relini: Siku 30 zinazoweza kumponyoka kijana wa Kajaga

BUJUMBURA. Kajaga hakuna reli. Kitongoji hiki cha magharibi mwa Bujumbura, kilicho kando ya Ziwa Tanganyika kwenye barabara ya Gatumba na mpaka wa Kongo, kimezoea malori na mafuriko ya ziwa. Lakini ajira za reli zinasogea. Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi la reli ya kisasa (SGR) kutoka Uvinza, mkoani Kigoma, hadi Musongati, kilomita 282. Mpango ni kuifikisha baadaye Gitega, Bujumbura na Kongo.

Reli hiyo itakuwa moja, lakini sheria za kazi ni mbili. Kijana wa Kajaga akiajiriwa na mkandarasi upande wa Tanzania, kisha akafukuzwa kwa madai ya kuiba dizeli au kulala zamu, wengi watamshauri arudi nyumbani akashtaki Bujumbura. Ushauri huo unaweza kumpotezea haki yake yote.

Nchini Tanzania, malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Mwajiri akiwa na utaratibu wa rufaa ya ndani, siku huhesabiwa tangu uamuzi wa mwisho wa kuthibitisha adhabu. Hupokelewa na ofisi inayohusika na eneo ambako mgogoro ulitokea; kwa kazi ya Uvinza, hiyo ni Kigoma. Aliyechelewa lazima kwanza aombe kuongezewa muda na kueleza sababu za msingi. Kutojua sheria ni sababu dhaifu.

Mlango pia hutegemea nani aliyesaini barua. Mtumishi wa umma, wakiwamo wa Shirika la Reli Tanzania (TRC), hapiti CMA. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, anapaswa kwanza kumaliza ngazi za utumishi wa umma, na rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ina ukomo wa siku 45. Mahakama ya Rufani ilisisitiza msimamo huo mwaka 2022 katika shauri lililohusu Shirika la Posta. Hivyo wafanyakazi wawili wa reli ileile, mmoja wa TRC na mwingine wa mkandarasi, wakifukuzwa siku moja wataelekea ofisi tofauti.

Je, hoja za kupinga ni zipi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka vitu viwili: sababu halali na utaratibu wa haki. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataja makosa mazito yanayoweza kuhalalisha kufukuzwa: kukosa uaminifu, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine, uzembe mkubwa, kupiga watu na ukaidi uliokithiri. Relini, ambako kosa la mtu mmoja linaweza kuua abiria, hoja ya usalama ina uzito wa pekee.

Hata hivyo, uzito wa kosa haufuti utaratibu. Mwajiri achunguze kwanza, kisha ampe mtuhumiwa tuhuma kwa namna na lugha anayoielewa. Ampe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na nafasi ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Mtuhumiwa ana haki ya kujibu, kuita mashahidi na kujitetea kuhusu adhabu. Huulizwa pia kama kanuni iliyovunjwa ilikuwa wazi, na kama wengine waliofanya kosa hilo waliadhibiwa vilevile.

Suala la lugha linawagusa Warundi moja kwa moja. Anayezungumza Kirundi na Kifaransa, akisomewa tuhuma kwa Kiingereza na kuambiwa asaini, ana hoja ya kuieleza CMA. Lakini aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hana kinga hiyo dhidi ya kuachishwa isivyo haki, jambo linalowabana vibarua wa mikataba mifupi.

CMA huanza na usuluhishi, ambao sheria inautengea siku 30. Mlalamikaji asipohudhuria, shauri linaweza kufutwa. Usuluhishi ukishindikana, mwamuzi husikiliza ushahidi na anaweza kuagiza mfanyakazi arudishwe kazini, aajiriwe upya au alipwe fidia. Asiyeridhika ana wiki sita za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Aliyeajiriwa na kufanya kazi upande wa Burundi huongozwa na Kodi ya Kazi ya Novemba 24, 2020. Huko shauri huanzia kwa mkaguzi wa kazi kwa mapatano. Yakikosekana, huenda Mahakama ya Kazi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki haijaondoa mpaka huo. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 1, 2010, inakataza kumbagua mfanyakazi wa nchi mwanachama katika ajira, ujira na masharti ya kazi. Lakini Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha haisikilizi rufaa kutoka CMA wala Mahakama ya Kazi ya Bujumbura. Haki imevuka mpaka. Mlango wa kuidai umebaki kila nchi na wake.

Kwa hiyo, anayevuka Mto Malagarasi kutafuta kazi ya reli atunze mkataba, hati za mishahara, barua ya tuhuma na muhtasari wa kikao cha nidhamu. Akipewa barua ya kufukuzwa, aandike tarehe aliyoipokea, na asipande basi la Bujumbura kabla ya kufika ofisi ya CMA Kigoma.