Nanyamba si Nanyumbu: Jinsi Kompyuta Ilinganishavyo Majina

Mto uingiao Bahari ya Hindi kusini ya mji wa Mtwara huandikwa Ruvuma nchini Tanzania na Rovuma nchini Msumbiji. Mto ni mmoja. Vivyo hivyo lugha ya Wamakonde huitwa Kimakonde kwa Kiswahili, Chimakonde na wasemaji wake walioko Tanzania, na Shimakonde na wale wa ng'ambo ya mto. Lakini Nanyamba na Nanyumbu, ingawa yote mawili yamo katika Mkoa wa Mtwara, ni mahali pawili mbalimbali. Mwenyeji hahitaji kuelezwa hayo. Kompyuta, kwa upande wake, huona mfululizo wa herufi tu.

Jambo hili lagusa mifuko ya watu. Mkulima wa korosho wa Nanyamba huandikwa jina lake katika daftari la chama cha msingi, katika kitambulisho na katika akaunti ya benki ipokeayo malipo yake, na kila karani huandika alivyosikia. Kompyuta ikidai kila herufi ilingane, mwenye haki atakataliwa. Ikilegeza mno, fedha zitaingia kwa mtu mwingine.

Njia ya kwanza ya kutatua tatizo hili hufuata sauti. Mwaka 1918 Mmarekani Robert Russell alipewa hataza ya utaratibu ambao baadaye uliitwa Soundex. Herufi ya kwanza ya jina hubaki kama ilivyo. Irabu huachwa, pamoja na h, w na y. Konsonanti zilizosalia hupewa tarakimu kwa makundi: b, f, p, v ni 1, c, g, j, k, q, s, x, z ni 2, d na t ni 3, l ni 4, m na n ni 5, r ni 6. Konsonanti za kundi moja zinazofuatana bila irabu kati yake huhesabiwa mara moja. Huchukuliwa tarakimu tatu, na zikipungua hujazwa sifuri. Basi Ruvuma ni R150, na Rovuma ni R150 pia. Vizuri sana! Ila Kimakonde hutoa K525, Chimakonde C525, na Shimakonde S525: lugha moja imegawanyika mara tatu kwa sababu ya herufi ya kwanza. Tena Nanyamba na Nanyumbu yote hutoa N551. Hili si la kushangaza, kwa kuwa utaratibu huu ulitungwa kwa majina ya Kiingereza, ambamo irabu huandikwa kwa namna nyingi. Katika Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu irabu hubeba maana, na kuitupa ni hasara kubwa.

Njia ya pili huhesabu masahihisho. Mwanahisabati wa Urusi, Vladimir Levenshtein, aliieleza mwaka 1965. Umbali kati ya maneno mawili ni idadi ndogo kabisa ya herufi za kuongeza, kufuta au kubadili ili neno moja liwe jingine. Kutoka Ruvuma hadi Rovuma ni 1. Kutoka Kimakonde hadi Chimakonde ni 2, yaani k hubadilishwa kuwa c, kisha h huongezwa. Na kutoka Nanyamba hadi Nanyumbu? Ni 2 vilevile. Kipimo kimoja, na majibu mawili yanayopingana.

Dawa ni kuifundisha kompyuta matamshi ya mahali. Kabla ya kupima, tuiamuru ichukue ki-, chi- na shi- mwanzoni mwa jina kuwa kitu kimoja, na badiliko la l na r lihesabiwe robo badala ya moja kamili. Sasa umbali wa Kimakonde na Chimakonde ni 0, lakini wa Nanyamba na Nanyumbu umebaki 2, kwa maana hakuna kanuni ya matamshi igeuzayo a kuwa u. Kanuni hizi zafaa majina tu. Katika kamusi zingechanganya shina na kina, na kuyasogeza mno mahali na mahari, kosa ambalo wazazi wa bibi harusi wasingelisamehe. Hata kwa majina, kazi ya kompyuta iwe kupendekeza. Karani athibitishe kwa kijiji na mwaka wa kuzaliwa.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: tafuteni Soundex ya Mohamedi na ya Muhammad, kisha umbali wake kwa njia ya Levenshtein. Watapata M530 kwa yote mawili, na umbali wa 4, mara mbili ya ule wa Nanyamba na Nanyumbu. Waulizwe ni kanuni gani ingeupunguza.