Je, Wajua? Mlima Uliolainishwa kwa Ajili ya Treni

Kichwa cha treni chenye uzito wa tani mia kinaogopa kilima ambacho mtoto anakipanda kwa baiskeli huku akipiga soga. Sababu iko kwenye magurudumu. Chuma kikibingirika juu ya chuma, ukinzani huwa mdogo ajabu: kila tani ya mzigo kwenye reli tambarare huvutwa kwa nguvu ya kama kilo 2 tu. Lakini inua reli hiyo mita 1 kwa kila mita 100, na kila tani itadai nguvu ya kilo 10 zaidi. Mzigo ni uleule, nguvu inayotakiwa ni mara sita. Tena chuma hicho laini kilichorahisisha safari sasa kinateleza, ndiyo maana vichwa vya treni hubeba mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu yake. Kwa hiyo wajenzi wa reli hawakuwa na hiari. Mlima waliuzunguka, wakaukata, au wakautoboa, na mabonde wakayajaza udongo, ili mradi mwinuko usizidi sana asilimia 2.

Treni zikiacha kupita na mataruma yakang'olewa, kinachobaki ni tuta la upole linalokatisha nchi ambayo barabara yake ingekukausha koo. Marekani matuta hayo ni mengi. Mwaka 1916 reli za huko zilifikia kilele cha maili 254,000, yaani kama kilomita 409,000, na tangu hapo zimekuwa zikipungua. Sehemu ya zilizoachwa imegeuzwa njia za baiskeli na za miguu, na mojawapo ya zinazosifiwa zaidi ni Great Allegheny Passage: kilomita 240 kutoka Cumberland, Maryland, hadi Pittsburgh, Pennsylvania. Kipande cha kwanza kilifunguliwa Ohiopyle mwaka 1986, cha mwisho Pittsburgh mwaka 2013.

Kwa nini reli nzuri hivyo iliachwa? Kwa sababu zilikuwa mbili. Kampuni ya Baltimore and Ohio ilipenya mabonde haya mwaka 1871. Western Maryland ikafuata mwaka 1912, ikajenga ya kwake pembeni, mara nyingi ng'ambo tu ya mto uleule. Walinyang'anyana mizigo kwa miongo sita, kisha mwaka 1973 wote wakajikuta chini ya mwavuli mmoja wa Chessie System. Tajiri mmoja hahitaji reli mbili bonde moja. Mwaka 1975 ile ya Western Maryland ikafungwa. Ya mwenzake bado inafanya kazi, na mwendesha baiskeli husikia treni ndefu za mizigo zikinguruma upande wa pili wa maji, wakati mwingine usiku kucha kama amepiga hema karibu.

Kuacha reli, hata hivyo, kuna kesi zake. Kampuni nyingi hazikuwa na ardhi yenyewe bali haki ya kupita tu, na treni zikikoma wenye mashamba walidai ardhi irudi kwao. Bunge la Marekani mwaka 1983 likapitisha utaratibu wa kuihifadhi njia kama akiba: baiskeli zipite sasa, treni ikihitajika siku moja irudi. Wenye ardhi walipofika Mahakama ya Juu, mwaka 1990 majaji waliuacha utaratibu usimame, ila wakasema anayenyimwa ardhi yake anaweza kudai fidia. Binafsi naona wale wenye ardhi walikuwa na hoja, hata kama matokeo yake ninayapenda.

Sasa tupande. Cumberland iko kama mita 185 juu ya usawa wa bahari. Kilomita 38 mbele, karibu na Deal, unafika kilele cha mita 729. Ukigawa, ni mwinuko wa asilimia 1.4, na hakuna mahali unapopanda ghafla. Huo ndio ugeni wake. Mlima wa kawaida una mahali pa kupumzikia. Huu hauna, kwa kuwa wajenzi waliusambaza mwinuko sawasawa ili usizidi popote. Kwa saa tatu hivi miguu haitulii. Kileleni maji yanagawana: ya upande uliotoka huishia Atlantiki, ya upande unaokwenda huishia Ghuba ya Mexico kupitia mito ya Ohio na Mississippi.

Kabla ya kilele yapo mahandaki. Brush ni la aina yake: kwa miaka mingi baiskeli zimelitumia pamoja na reli ya treni ya watalii, na ukiona treni inakuja unasubiri nje, maana moshi ndani hauna pa kwenda. Big Savage lina urefu wa zaidi ya kilomita moja kwa unywele tu. Taa zimewekwa, lakini ukitoka kwenye jua la Julai huoni kitu kwa muda, baridi inakupiga kifuani na maji yanadondoka toka darini. Aingiaye bila taa ya mbele anawatafutia wenzake ajali. Majira ya baridi milango yake hufungwa, kwa kuwa maji yale yakiganda huchana kuta.

Chini ya tairi kuna mawe ya chokaa yaliyosagwa. Kokoto kubwa za reli hazifai, zinayumbisha gurudumu, basi juu yake humwagwa mchanganyiko wa punje ndogo na vumbi. Unyevu kidogo ukiingia na roli ikipita, vumbi lile hushikamana kama sakafu ya udongo iliyopigwa vizuri. Likikauka sana linatimka na kuweupisha soksi. Mvua ikiwa kubwa linakuwa uji unaoingia kwenye mnyororo na kuusaga. Wakati mbaya kuliko wote ni mwanzo wa machipuko: barafu iliyo ardhini inayeyuka juu huku chini bado imeganda, maji hayana pa kupenyea, na tairi linazama. Hapo tambarare inachosha kama kilima, kwa kuwa kila mzunguko wa gurudumu unachimba mfereji wake. Tairi la milimita 35 au 40 linasaidia. Lile jembamba la mashindano liache nyumbani.

Ukishapita kilele unavuka Daraja la Salisbury, lenye urefu wa mita 582, likiwa kama mita 30 juu ya mto Casselman, barabara kuu na reli ya yule mpinzani wa zamani. Upepo wa ubavu huko juu si wa mzaha.

Jambo jingine ambalo wageni hawalitarajii: miji mara nyingi iko juu, njia iko chini. Ukitaka chakula Frostburg unapanda vizigizagi vikali kutoka kwenye tuta, na hapo ndipo unapojua treni ilikuwa imekudekeza kiasi gani. Kati ya Ohiopyle na Connellsville ni korongo tupu kwa kilomita 27, kivuli kizito, hakuna duka, na simu hupoteza mtandao. Beba tyubu na maji. Baada ya Connellsville yanaonekana maji ya rangi ya kutu yakichuruzika mwambani, ni chuma kutoka machimbo ya makaa yaliyoachwa. Chupa usiijaze hapo.

Uanzie upande upi? Wengi wanaotaka raha huanzia Pittsburgh, wapande mwinuko usiohisika kwa kilomita 200, halafu washuke hadi Cumberland karibu bila kukanyaga pedali. Wanachosahau ni kwamba mteremko wa kilomita 38 juu ya punje za mawe unahitaji breki zilizokaguliwa, na kwamba watu wanapanda kutoka upande wa pili.