Njia ya Mwongo Ni Fupi: Pikipiki, Ramani na Kifaa cha GPS

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Msemo huu tuliusikia tangu utotoni, tukauchukua kuwa ni onyo kwa wenye ndimi mbili. Lakini siku hizi, ndugu msomaji, umepata maana nyingine kwa vijana wetu wanaofunga safari ndefu kwa pikipiki. Wengi wao wamefunga kifaa cha GPS kwenye usukani, chenye kioo kidogo cha kuonyesha ramani na sauti ya kuwaambia wapinde kulia ama kushoto. Manufaa yake ni makubwa, wala sikusudii kukibeza. Ila kina tabia moja ambayo asiyeijua huweza kulala porini: ukikipa njia uliyoipanga wewe, huenda kikaibadilisha kimyakimya.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Setilaiti ya kwanza ya mpango wa GPS ilirushwa na Wamarekani mwaka 1978, na leo mpango huo hutumia setilaiti zisizopungua 24, zinazoizunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kifaa kikipokea mawimbi ya setilaiti nne, huweza kupiga hesabu ya mahali kilipo. Hadi Mei 2000 mawimbi waliyotumia raia yalipunguzwa usahihi makusudi, hata mtu akaweza kuonyeshwa mbali na alipo kwa mita 100. Zuio hilo lilipoondolewa, tofauti ikawa ya mita chache tu. Basi setilaiti hukwambia uko wapi. Hazikwambii uende wapi wala upite wapi. Hayo ni ya ramani iliyomo kifaani, na ya akili ya mwenye safari.

Manahodha wa bahari yetu walijua vyema kuwa hizi ni kazi mbili. Walipima kimo cha nyota kwa kibao chenye uzi wa mafundo, kilichoitwa kamal, na kwa kimo hicho wakatambua walipo. Lakini njia ya kutoka bandari hadi bandari waliichukua katika vitabu vya mabaharia vilivyoitwa rahmani, na katika vichwa vyao. Ahmad bin Majid wa Julfar, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari mwishoni mwa karne ya 15, hakutosheka na kueleza nyota peke yake. Alieleza pia pepo na misimu yake, na alama za pwani ambazo nahodha huzitazama anapokaribia nchi kavu. Chombo hakikung'oa nanga mpaka njia imekwisha kufikiriwa.

Huenda msomaji akauliza: si simu inatosha? Kwa mjini yatosha. Kwa safari ndefu, kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya pikipiki huvumilia mvua, vumbi na mtikisiko, na kioo chake hukubali kidole kilichovaa glavu. Mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe ilitoa onyo kuwa mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki waweza kuharibu kamera za simu zake. Tena ramani ya kifaa hiki imo ndani yake, kwa hivyo hakitegemei mtandao wa simu, ambao porini hukatika.

Sasa nije kwenye mfano wa kwetu. Vijana wanne wa Malindi walitaka kwenda Voi, kila mmoja na pikipiki yake, kuhudhuria harusi ya mwenzao. Kwa kuwa wanajua napenda mambo ya ramani, walinijia baada ya Alasiri tuipange safari kwenye kompyuta. Mmoja wao akacheka: "Ami, ya nini taabu yote hii? Chombo si chajua njia chenyewe?"

Nikawaonyesha ramani. Kutoka Malindi kwenda Voi kuna njia inayopendeza macho. Yaelekea magharibi, yapita Kakoneni na Langobaya, kisha yafuata mto Galana, ule ule ambao ukifika kwetu twauita Sabaki, hadi lango la Sala, na kuingia mbuga ya Tsavo Mashariki hadi Voi. Ramani yaiona ni njia ya mkato. Isichokwambia ni kwamba pikipiki haziruhusiwi kuingia mbuga ile, kwani ndovu na simba hawajui kupisha. Lango la Sala li zaidi ya kilomita 100 kutoka Malindi. Mwenye pikipiki akifika pale hurudishwa, jua limeinama na petroli imepungua, na nyuma yake barabara ni tupu. Hiyo ndiyo njia ya mwongo.

Njia ya kweli yashuka kusini hadi Kilifi, kiasi cha kilomita 60, yavuka daraja lililochukua mahali pa feri mwaka 1991, na pale Mavueni yapinda kulia kuelekea Kaloleni na Mariakani. Hapo yaingia barabara kuu ya Nairobi, ikapita Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, Mackinnon Road, Buchuma na Maungu, kisha Voi.

Safari iliyopangwa kwenye kompyuta huhifadhiwa katika faili la aina ya GPX, mtindo ulioanzishwa mwaka 2002 ili vifaa na programu za makampuni mbalimbali zipate kuelewana. Ndani yake mwaweza kuwamo vitu vitatu. Cha kwanza ni alama, yaani mahali pamoja tu, kama msikiti au kituo cha petroli. Cha pili ni njia, yaani mfuatano wa mahali pa kupitia toka mwanzo hadi mwisho. Cha tatu naona yafaa kukiita nyayo: maelfu ya nukta zilizokaribiana, zinazofuata kila pindo la barabara, kama nyayo za mtu mchangani.

Tofauti ya njia na nyayo ndiyo roho ya jambo hili. Nyayo hazibadiliki. Kifaa huzichora kama mstari juu ya ramani, nawe waufuata kwa macho, aghalabu bila ya sauti ya kukuongoza. Njia hukupa sauti na maelekezo ya kila njia panda, lakini kati ya alama na alama kifaa hujipigia hesabu upya, kwa ramani yake na kwa masharti yake. Ikiwa kompyuta iliambiwa itafute njia ya haraka, na kifaa kimewekwa kitafute njia fupi, au kimoja kimekatazwa barabara za vumbi na kingine hakikukatazwa, basi vitatoa majibu mawili kwa swali moja.

Hayo yalitokea mbele ya macho yetu. Mmoja wa wale vijana alikuwa amekwisha kujipangia njia yake nyumbani, akaweka Malindi na Voi tu, bila chochote kati. Kompyuta yake iliichora vizuri, kupitia Kilifi na Mariakani, akaridhika. Tulipoifungua kifaani, idadi ya kilomita ilikuwa ndogo kuliko ya kompyuta. Tukaufuata mstari kwa kidole, tukaukuta unakwenda Langobaya na lango la Sala. Kijana yule hakucheka tena.

Dawa yake ni kukifunga kifaa kwa mahali pa kupitia, na mahali hapo ni pa aina mbili. Kuna kituo, pale unapokusudia kusimama: kifaa hutangaza umefika, na ukikiacha kando chaweza kung'ang'ania urudi. Na kuna alama ya kupitia, isiyo na kelele, ambayo kazi yake ni kuuvuta mstari upite hapo. Sisi tuliweka vituo viwili tu. Cha kwanza kilikuwa Mariakani, kwa petroli. Cha pili kilikuwa Mackinnon Road, kwenye msikiti ulio na kaburi la Sayyid Baghali, msimamizi wa wafanyakazi waliojenga reli, kwa Sala ya Adhuhuri. Alama za kupitia tukaziweka Kilifi, Kaloleni na Maungu. Kila moja tuliibandika juu ya barabara yenyewe, mbele kidogo ya njia panda, baada ya kuikuza ramani. Ukiibandika kando, katika kichochoro, kifaa kitakuingiza kichochoroni kisha kikwambie ugeuke.

Kuhamisha si kazi kubwa. Kifaa huungwa na kompyuta kwa waya, faili likanakiliwa katika sehemu ya GPX ya kumbukumbu yake au ya kadi yake. Kisha kifaa huchomolewa kwa utaratibu, na njia huingizwa katika orodha ya safari. Wengi husahau hatua hii ya mwisho, wakadhani faili limepotea. Sisi tuliweka katika kila kifaa njia pamoja na nyayo zake kwa rangi tofauti. Mistari miwili ikiachana, mwenye pikipiki ajue kuna jambo. Pia tulikiamuru kila kifaa kiulize kwanza kabla ya kupiga hesabu mpya mtu anapoiacha njia.

Kuna jingine kwa sisi tuishio kusini mwa Ikweta. Katika faili la GPX, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Malindi ni -3.22 kwa 40.12. Anayeandika tarakimu kwa mkono akaisahau alama ile ndogo, atajikuta kaunti ya Mandera, upande wa Takaba, karibu na mpaka wa Ethiopia.

Mwisho niliwaandikia majina ya miji kwa mfuatano katika karatasi, wakaibandika juu ya tangi la petroli, kwani karatasi haihitaji chaji. Walifika Voi salama, na Adhuhuri waliisali Mackinnon Road kama ilivyopangwa.

Basi vijana, vinunueni vifaa hivi mkiweza. Lakini kabla ya kuwasha pikipiki, linganisheni kilomita za kompyuta na za kifaa, na muupitie mstari wote kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Dakika kumi za barazani ni nafuu kuliko usiku mmoja mbele ya lango lililofungwa.