Siri ya mhunzi iliyowekwa mezani

Ikifika Juni, wapenzi wa visu hukutana Atlanta, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, kwenye maonesho ya Blade Show. Maonesho hayo yalianza mwaka 1982 na huchukua siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Foleni hujipanga mlangoni kabla ukumbi haujafunguliwa. Ndani kuna mamia ya meza, safu kwa safu, na nyuma ya nyingi kati ya hizo ameketi mtu aliyetengeneza kwa mikono yake kila kilicho mbele yake.

Hapo ndipo penye mvuto. Kisu cha dukani hakina wa kumuuliza. Hapa anayekuuzia ndiye aliyekipasha chuma moto, akakifua, akakinoa, akachonga mpini, na mara nyingi akashona na ala ya ngozi. Ukitaka kujua kwa nini ncha imeshushwa kidogo, anakueleza. Ukitaka kujua chuma kilikuwa na joto gani kilipotumbukizwa kwenye mafuta, anakueleza pia. Na kando yako anaweza kuwa amesimama mhunzi mwenzake, anayeshindana naye kwa wateja walewale, naye anasikiliza na kuuliza maswali yake.

Huyo anayesikiliza ndiye sababu ya makala hii. Kwa karne nyingi wahunzi wamekuwa watu wa kuficha ujuzi wao, na fundi kumfundisha mshindani wake mbele za watu ni jambo kubwa. Waliokubali kufanya hivyo waliiokoa kazi yenyewe, na sisi tulio na historia ndefu ya chuma tuna la kuchukua hapo.

Adabu ya meza

Mgeni hujifunza adabu kwanza. Kisu hakinyanyuliwi bila ruhusa ya mwenyewe. Ukiruhusiwa, unakishika mpini, makali ukiyaelekeza pasipo na mtu, na vidole havigusi bapa. Jasho la mkono lina chumvi, na chuma chenye kaboni nyingi hushika kutu upesi, ndiyo maana kila meza ina kitambaa laini cha kufutia. Makali hayajaribiwi kwenye ngozi wala kwenye karatasi. Fundi akiwa anazungumza na mteja mwingine, unasubiri zamu yako.

Kisha uchunguzi unaanza. Mzoefu hukiinua kisu kwenye mwanga na kukitazama kutokea nyuma ya mpini, aone kama mgongo umenyooka na kama mteremko wa upande wa kushoto unalingana na wa kulia. Halafu anatazama kinga ya mkono, kile kipande cha shaba au chuma kilichopo kati ya bapa na mpini. Pale kinga inapokutana na bapa, fundi mzuri haachi nafasi hata ya unywele kupita. Kazi ya haraka huumbuka mahali hapo hapo. Mwisho anapitisha kidole gumba juu ya maungio, kutoka kwenye chuma kwenda kwenye mti, akitafuta ukingo wowote unaokwaruza. Asipoupata, huitikia kwa kichwa na kukirudisha kisu kwa mikono miwili.

Mti wenyewe unaweza kuwa jozi, unaweza kuwa mzizi uliokaushwa miaka kadhaa, na mara nyingi ni mpingo. Mafundi wa huko wanaupenda kwa sababu ni mzito, hauchezi sana hali ya hewa inapobadilika, na ukisuguliwa vizuri hung'aa wenyewe bila rangi. Mti huo hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Mchongaji wa Kimakonde angeutambua kwa kuushika tu.

Visu vya mafundi wanaotafutwa sana haviuzwi kwa aliyewahi kufika. Wanaovitaka huandika majina, majina huwekwa kwenye sanduku, na moja huchomolewa. Aliyekosa hubaki palepale kumpongeza aliyepata na kukitazama kisu kwa mara ya mwisho.

Mtu wa Maryland

Hali haikuwa hivi siku zote. Katikati ya karne iliyopita, kufua visu kwa nyundo kulikuwa kumebaki kwa watu wachache sana Marekani. Mafundi wengi walikata umbo la kisu kutoka kwenye bamba la chuma la kiwandani, kisha wakalisaga kwa mashine. Bob Loveless wa California aliifikisha njia hiyo mbali sana, na visu vyake vinatafutwa mpaka leo. Mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Knifemakers' Guild, chama cha mafundi visu.

William Moran, aliyezaliwa mwaka 1925 na kukulia shambani Maryland, alibaki na nyundo na fuawe. Mwaka 1973, kwenye maonesho ya chama hicho mjini Kansas City, aliweka mezani visu vinane ambavyo mabapa yake yalikuwa na michirizi ya mawimbi, nyeusi na nyeupe. Vilikuwa vya chuma cha Dameski, kile cha matabaka yaliyounganishwa kwa moto. Wakati huo karibu hakuna fundi visu wa Marekani aliyekuwa akikitengeneza, na Moran alikifikia kwa kujaribu na kuharibu katika karakana yake mwenyewe.

Angeweza kuificha njia hiyo na kuuza kwa bei aliyotaka. Badala yake aliwaeleza wenzake jinsi ya kuifanya. Mwaka 1976 yeye na wenzake wachache walianzisha American Bladesmith Society, chama cha wanaofua visu kwa nyundo, na mwaka 1988 chama hicho kikafungua shule katika mji mdogo wa Washington, jimbo la Arkansas. Moran alifariki mwaka 2006. Chuma ambacho alikaribia kuwa nacho peke yake, leo kimetapakaa kwenye meza za Atlanta.

Tabaka juu ya tabaka

Kazi yenyewe inaeleweka hata na asiye fundi. Mhunzi huchukua bamba za aina mbili za chuma. Wengi hutumia chuma cha namba 1084, chenye kaboni na manganizi, pamoja na 15N20, chenye nikeli kiasi cha asilimia 2. Bamba hupangwa zikipishana na kuingizwa tanurini, zikiwa zimenyunyiziwa boraksi ili hewa isitengeneze magamba katikati yake. Joto likifika takriban nyuzi 1,200 za Selsiasi na chuma kikawa cha njano, mapigo ya nyundo huzishikanisha zikawa donge moja. Donge hurefushwa, hukatwa, hulazwa nusu juu ya nusu na kufuliwa tena, mithili ya chapati inayokunjwa ili itoke na matabaka. Tabaka 10 huwa 20, kisha 40, 80, 160, 320.

Kabla ya hatua ya mwisho, bapa ni chuma cheupe kitupu na hakionyeshi lolote. Likichovywa kwenye dawa kali, tabaka za 1084 huwa nyeusi na zile za nikeli hubaki zinang'aa. Hapo mawimbi hujitokeza, na fundi mwenyewe huwa hana hakika yatakaaje mpaka ayaone.

Urembo huo haufai kitu kama chuma ni laini. Kwa hiyo, kabla hata ya kuchovywa, kisu hupashwa moto mpaka kipite nyuzi 800. Asiye na kipimo hutumia sumaku, kwa sababu chuma kikipita nyuzi 770 sumaku haikishiki tena, na mhunzi anajua amebakiza kidogo. Kisha anakitumbukiza kwenye mafuta. Kinachotoka humo ni kigumu mno, na kikidondoka sakafuni kinaweza kukatika. Ndiyo maana hupashwa tena kwa nyuzi 200 hivi kwa saa mbili, kazi ambayo hata oveni ya jikoni inaiweza. Uso wa chuma hugeuka rangi ya majani makavu, dalili kwamba wepesi wa kukatika umepungua na uvumilivu umeingia.

Mtihani usiobembelezwa

Chama cha Moran hakikufundisha tu, kiliweka pia kipimo. Anayetaka kutambuliwa anapeleka kisu alichofua mwenyewe, kisichozidi inchi 15 kwa jumla, bapa likiwa si zaidi ya inchi 10 kwa urefu na 2 kwa upana. Kamba yenye unene wa inchi moja huning'inizwa bila kushikiliwa chini, na kisu kinatakiwa kuikata kwa pigo moja. Baada ya hapo kinakata ubao wa inchi mbili kwa nne mara mbili. Kisha, bila kunolewa tena, kinatakiwa kunyoa vinywele vya mkono. Mwisho bapa hubanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90. Likikatika, fundi anarudi nyumbani kujifunza upya.

Kila hatua ina maana yake. Kamba hupima ukali na umbo. Ubao huonyesha kama makali yanameguka, na kunyoa huonyesha kama yamedumu. Kupinda hufichua kama joto lilipimwa sawasawa. Anayetafuta cheo cha fundi mkuu hupita mtihani huo kwa chuma cha Dameski chenye tabaka zisizopungua 300. Halafu anapeleka Atlanta visu vitano vipya, na mafundi wakuu huvikagua meza kwa meza. Akifaulu, anapata haki ya kugonga herufi MS kwenye visu vyake. Mnunuzi anayeziona herufi hizo hahitaji kuhubiriwa.

Chuma chetu

Msomaji wa Afrika Mashariki asiyaone haya kuwa mambo ya watu wa mbali. Katika karne ya 12, mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kukiuza, na kwamba chuma cha Sofala kilipelekwa India, ambako kilifuliwa panga zilizosifika. Mwaka 1978, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba wafua chuma wa magharibi mwa Ziwa Victoria walikuwa wakitengeneza chuma chenye kaboni, yaani feleji, miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Walijuaje? Waliona mabaki ya matanuri ardhini, na wazee wa Kihaya wa Kagera wakawajengea tanuri kwa kukumbuka kazi waliyoifanya ujanani na kuiacha miaka mingi. Ilikuwa miaka ya 1970, muongo uleule Moran alipokuwa akigawa ujuzi wake. Marekani, ujuzi ulikuwa unawafikia vijana. Kagera, ulikuwa umebaki vichwani mwa wazee wachache.

Kwa wengi wetu uhunzi ulikuwa mali ya ukoo. Upareni kulikuwa na Washana. Kwa Wamasai kulikuwa na il-kunono, waliofua mikuki iliyobebwa na kila askari kijana huku wao wenyewe wakitengwa. Siri ililinda riziki ya ukoo na heshima ya kazi, na kwa zama zile ilikuwa na mantiki yake. Lakini majembe ya kiwandani yalipoingia kwa bei rahisi, koo ziliacha tanuri, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua, maarifa yakazikwa na wenyewe.

Wahunzi wetu waliopo leo hufua mapanga, majembe na visu kwa springi za magari makuukuu. Wengine wataicheka springi hiyo, na watakuwa wanacheka wasichokijua. Springi nyingi za malori ni chuma cha jamii ya 5160, na 5160 ni miongoni mwa vyuma ambavyo wahunzi wa Atlanta huviamini sana kwa kisu kikubwa cha kazi. Malighafi tunayo, mpingo tunao, mikono tunayo. Wanachokosa mafundi hawa ni meza, kipimo na mahali pa kukutana.

Maonesho ya Sabasaba na Nanenane nchini Tanzania yana nafasi ya kutosha kwa safu moja ya wahunzi. Wapewe meza, waje na visu vyao, waning'inize kamba na kuikata mbele ya watu. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na vyuo vya ufundi viwakutanishe mhunzi wa Pare, wa Kagera na wa Mbeya, kila mmoja amweleze mwenzake anavyopima moto wake, na anayefaulu mtihani apewe alama ya kugonga kwenye chuma chake. Moran aliutoa ujuzi wake na bado visu vyake viliendelea kugombewa, kwa sababu anayejua ugumu wa kazi ndiye anayejua thamani yake. Mteja wetu naye akishaona kamba imekatika kwa pigo moja, hataomba tena kuuziwa kisu cha mhunzi kwa bei ya kisu cha mpini wa plastiki.