Kwa nini Dolly Parton hana haraka ya kustaafu? Jibu liko kwenye mkataba aliokataa kusaini

Januari 2023, siku chache kabla ya kutimiza miaka 77, Dolly Parton aliketi kwenye kipindi cha The View cha televisheni ya ABC nchini Marekani. Wasanii wengi wa umri wake wakihojiwa huulizwa habari za zamani tu. Yeye alikuja kutangaza kazi mpya: albamu ya rock. Ndiyo, rock, kutoka kwa malkia wa country!

Haikuwa porojo za televisheni. Novemba 17 mwaka huohuo albamu hiyo, Rockstar, ilitoka ikiwa na nyimbo 30. Humo yumo Paul McCartney, yumo Elton John, yumo Sting. Ilishika nafasi ya tatu kwenye chati ya albamu ya Billboard 200, nafasi ya juu kuliko zote alizowahi kupata humo.

Wazo la rock lilitoka wapi?

Mwaka 2022 Dolly aliteuliwa kuwania kuingia kwenye jumba la heshima la muziki wa rock, Rock and Roll Hall of Fame. Aliomba jina lake litolewe, akisema hajastahili. Wapiga kura wakamchagua hata hivyo. Akakubali, ila akaona lazima sasa aifanye hiyo rock kwelikweli. Isitoshe, mumewe Carl Dean, aliyefariki Machi 2025 baada ya ndoa ya karibu miaka 59, alikuwa mpenzi mkubwa wa rock.

Sawa, lakini kwa nini anaweza kujaribu chochote anachotaka?

Hapa turudi nyuma kidogo. Dolly alizaliwa 1946 katika familia maskini ya watoto 12 kwenye milima ya Tennessee. Mwaka 1974 wimbo wake I Will Always Love You ulishika namba moja kwenye chati ya country. Elvis Presley, staa mkubwa wa wakati ule, akautaka auimbe.

Kila kitu kilikuwa tayari, mpaka meneja wa Elvis, Colonel Tom Parker, alipoleta sharti: wampe nusu ya haki za uchapishaji wa wimbo, la sivyo Elvis hauimbi. Dolly akakataa. Amesimulia kwamba alilia usiku kucha. Watu walimwona kama amechanganyikiwa. Nani anamkatalia Elvis?

Haki za uchapishaji ni nini hasa?

Wimbo mmoja una mali mbili. Ya kwanza ni rekodi, yaani ile sauti iliyorekodiwa studio. Ya pili ni utunzi: maneno na melodi. Mtu mwingine akiuimba wimbo wako upya, rekodi ni yake au ya kampuni yake, lakini utunzi unabaki wako. Ukiuzwa au ukipigwa redioni, mtunzi anapata fungu lake. Hicho ndicho Parker alichotaka kumega nusu.

Mwaka 1992 Whitney Houston aliuimba wimbo huo kwa ajili ya filamu ya The Bodyguard. Ukakaa namba moja Marekani kwa wiki 14. Sauti ilikuwa ya Whitney, lakini hela za utunzi zilienda kwa Dolly. Angesaini ile karatasi, nusu ingekuwa ya watu wengine.

Hela hizo zinafanya nini?

Dolly ana shughuli nyingi nje ya muziki. Ana sehemu katika bustani ya burudani ya Dollywood, ambayo imekuwa ikiitwa hivyo tangu 1986. Mwaka 1995 alianzisha Imagination Library, mradi unaowatumia watoto vitabu bure kila mwezi hadi wafike miaka mitano. Sababu inamgusa mwenyewe: baba yake hakujua kusoma wala kuandika.

Mwili nao una mipaka. Septemba 2025 aliahirisha maonyesho yake ya Las Vegas kwa sababu za afya. Lakini mtunzi anayemiliki kazi zake akipumzika, nyimbo haziachi kumlipa.

Inatuhusu vipi?

Kenya ina mashabiki wengi wa country, na wapo wasanii kama Sir Elvis waliojijengea jina kwa muziki huo. Lakini funzo hili ni la kila msanii, awe wa bongo fleva, gengetone au injili. Ukiletewa mkataba, usiangalie tu hela ya leo. Uliza mambo mawili: rekodi ni ya nani, na utunzi ni wa nani? Usipojibiwa waziwazi, kalamu iache mfukoni kwanza. Dolly alisubiri miaka 18 kuona kama alikosea kumkatalia Elvis.