Unyapara wa Mitambo Mizito

Wengi wetu tukimaliza shule hutamani meza na kalamu. Mimi naona kazi moja ya vumbi yafaa kufikiriwa: unyapara wa mitambo mizito.

Bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Tanga, ambalo wenye mradi walikata shauri kulijenga Februari 2022, lina urefu wa kilometa 1,443. Uganda ni 296 tu. Tingatinga husafisha njia, mtambo wa kijiko huchimba mtaro, mafundi huunga mabomba, winchi huyashusha. Mnyapara ndiye asomaye ramani, apangaye zamu, na asimamishaye kazi mtu akisimama pa hatari. Asipoangalia, mtu hufa.

Lakini bomba likisha kufukiwa, mitambo huondoka na mshahara hukoma. Ajuaye mtambo mmoja tu hurudi nyumbani. Mnyapara ajuaye hesabu, usalama na Kiswahili aweza kuhamia barabara au reli, hata ng'ambo ya mpaka akipata kibali. Mkataba wa reli mpya ya Malaba hadi Kampala, kilometa 272, ulitiwa sahihi Oktoba 2024.

Basi, wenzangu, tusidharau hesabu wala Kiswahili. Nanyi mliotutangulia katika kazi hizo, tuandikieni: mtu huanzia wapi?