Kuongeza Mchanga Mpya katika Chujio la Maji Lililokomaa

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ilivuka nyika kavu ya Mgunda Mkali kabla ya kufika Tura, mpaka wa mashariki wa nchi ya Wanyamwezi. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857. Mahali penye ukame kama huo, maji ya bwawa au ya kisima kifupi huhitaji kusafishwa kabla ya kunywewa, na chujio la mchanga ni mojawapo ya njia rahisi.

Nguvu ya chujio hilo haitokani na mchanga peke yake. Katika sentimita chache za juu hujengeka utando wa vijidudu visivyodhuru, ambavyo hunasa na kula bakteria na vimelea vya maradhi. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg, Ujerumani, ambako maji ya mto Elbe yaligawiwa bila kuchujwa. Mji jirani wa Altona, uliotumia maji ya mto huohuo baada ya kuyapitisha kwenye mchanga, ulipata wagonjwa wachache sana.

Mchanga mpya hauna utando huo. Utando huchukua takriban wiki 2 hadi 4 kukomaa. Kwa hiyo, anayeondoa mchanga wote wa zamani huondoa pia kinga yake, ingawa maji yatakayotoka yataonekana maangavu.

Kwa sababu hiyo, mchanga unapopungua, fuata hatua hizi:

1. Osha mchanga mpya mara nyingi hadi maji ya kuoshea yatoke bila tope.
2. Teka mchanga wa juu wa zamani, kina cha sentimita 5 hivi, uuweke kando ukiwa na unyevu. Usiuoshe wala usiuanike.
3. Tandaza mchanga mpya, kisha urudishe ule wa zamani juu yake, ili vijidudu vyake viwe mbegu ya utando mpya. Mitambo mikubwa ya maji hutumia mbinu hiihii.
4. Hakikisha maji yaliyotulia juu ya mchanga yana kina cha sentimita 5 hivi. Mchanga ukikauka, utando hufa. Maji yakizidi kina hicho, hewa haiufikii vya kutosha.
5. Usimimine klorini ndani ya chujio, kwani huua utando. Klorini hutiwa katika maji yaliyokwisha kuchujwa.

Kwa mwezi mmoja baada ya kazi hiyo, chemsha maji yote ya kunywa au yatie dawa, hasa ya watoto wadogo, ambao kuhara huwakausha mwili upesi. Hata chujio likikomaa, virusi kadhaa hupenya. Kutibu maji baada ya kuyachuja ni desturi njema ya kudumu. Aidha, mchanga hauondoi chumvi wala floridi.